Kwa Nini Chujio la Maji Linaziba, na Nani Anaumia Likiziba



Maji safi ya kunywa mahali pa kazi ni haki ya mfanyakazi, wala si zawadi ya mwajiri. Neno hilo tumelisema mara nyingi katika mikutano ya matawi. Lakini kudai maji safi bila kujua yanavyosafishwa ni sawa na kudai mshahara bila kujua siku ulizofanya kazi. Mwenye daftari atakuambia anachotaka yeye, nawe utarudi nyumbani bila jibu. Kwa hiyo safari hii tunaeleza jambo moja tu, nalo ni kuziba kwa machujio ya maji kunakosababishwa na uchafu wa majani, mboji na viumbe.

Siku hizi viwanda vya soda, vya bia, vya dawa, na hata baadhi ya mashamba makubwa, vina mitambo ya kuchuja maji isiyotegemea mchanga peke yake. Mitambo hiyo hutumia chujio la utando. Anayeuangalia mtambo huo usiku na mchana ni mfanyakazi wa zamu. Wanaokunywa maji yake ni wafanyakazi na watoto wao walioko kambini. Mtambo ukiziba, msimamizi husema mfanyakazi wa zamu ni mvivu, hakuosha chujio. Mara nyingi hilo si kweli, na tutaona sababu yake.

CHUJIO LA UTANDO NI KITU GANI?

Chujio la mchanga kila mtu analijua. Maji hupita katikati ya chembe za mchanga, na uchafu hubaki juu na ndani ya mchanga huo. Chujio la utando ni kitu kingine. Ni ngozi nyembamba iliyotengenezwa kiwandani, yenye matundu madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Mara nyingine ngozi hiyo hutengenezwa kama mirija myembamba, mfano wa tambi zenye tundu katikati, na maelfu ya mirija hiyo hufungwa pamoja ndani ya bomba moja kubwa. Mara nyingine huwa ni karatasi pana inayoviringishwa kama mkeka na kutiwa ndani ya bomba.

Ili tujue udogo wa matundu hayo, tuchukue milimita moja na kuigawa mara 1,000. Kipande kimoja huitwa maikromita. Unywele wa kichwani una unene wa kama maikromita 70. Bakteria wengi wana upana wa maikromita 1 au nusu yake. Sasa, matundu ya utando wa aina inayotumika sana kwa maji ya kunywa ni kama sehemu moja kwa mia ya maikromita moja. Maana yake, bakteria wa homa ya matumbo au wa kipindupindu hawezi kupita, ikiwa utando ni mzima. Ziko tando nyingine zenye matundu madogo zaidi, ambazo huzuia hata chumvi, na hizo ndizo zinazotumika kuyafanya maji ya bahari kuwa ya kunywa.

Ufundi huu si wa jana. Karibu na mwaka 1960, wataalamu wawili, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, walitengeneza katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, utando wa kwanza uliofaa kweli kutoa chumvi katika maji. Baadaye miji mingi iliamka kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 1993, katika mji wa Milwaukee huko Marekani, watu wanaokadiriwa kufikia 400,000 waliugua tumbo kwa sababu ya kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu kilichopita katika machujio ya mji. Klorini haikukiua kijidudu hicho, kwa kuwa kina ganda gumu. Lakini upana wake ni kama maikromita 5, basi mbele ya utando mzima hana njia.

UCHAFU UNAOZIBA NI UPI?

Wengi wetu tukisikia chujio limeziba, tunafikiri ni udongo. Udongo huziba, ndiyo, lakini huo ni uchafu mwepesi kuutoa. Ukirudisha maji nyuma kwa nguvu, udongo huondoka. Uchafu mgumu zaidi ni ule unaotokana na vitu vilivyokuwa hai, nao uko wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni maji ya mboji. Ukitia majani ya chai katika maji ya moto, maji hubadilika rangi, ijapokuwa hukuweka udongo wowote. Vivyo hivyo majani, mizizi na magugu yakioza katika kinamasi cha mafunjo au kando ya mto, hutoa rangi ya kahawia inayoyeyuka ndani ya maji. Maji hayo yaweza kuwa maangavu ukiyatazama katika glasi, nawe ukadhani ni safi. Kumbe yamebeba mboji iliyoyeyuka.

Namna ya pili ni ute wa viumbe. Mwani mdogo unaoyafanya maji ya ziwa kuwa ya kijani, pamoja na bakteria, hutoa utelezi. Ni utelezi ule ule unaouona juu ya mawe mtoni, ambao mtu akiukanyaga huanguka. Kwa matundu ya utando wa maji ya kunywa, ute huu ndio adui mkubwa kuliko wote, hata ukiwa kidogo. Sisi tunaokaa karibu na Ziwa Viktoria tunayajua maji ya kijani. Mbolea ikisombwa na mvua kutoka mashambani, na maji machafu ya miji na viwanda yakiingia ziwani bila kusafishwa, mwani hupata chakula na kuongezeka.

UNAZIBAJE?

Kwanza, mboji na ute hunata katika kuta za matundu, kama vile chai inavyonata ndani ya kikombe na kukiacha na rangi. Tundu likinatwa ndani hupungua upana, na maji hupita kwa shida.

Pili, vipande vikubwa zaidi huziba mdomo wa tundu kabisa, kama kizibo cha chupa.

Tatu, maji yanapopita, uchafu hubaki nyuma na kujikusanya juu ya utando. Saa baada ya saa uchafu huo unakuwa mwingi, mwisho unakuwa rojorojo, kama ngozi inayoganda juu ya uji uliopoa. Sasa maji hayapiti utando peke yake, yanapita rojorojo kwanza.

Chokaa iliyomo ndani ya maji huzidisha tabu. Chembe za mboji na uso wa tando nyingi zina chaji ya umeme ya namna moja, kwa hiyo husukumana. Chembe za chokaa zina chaji ya kinyume. Hukaa katikati na kuzishikanisha, kama chokaa inavyoshika matofali. Ndiyo sababu maji yenye mboji na chokaa pamoja huziba haraka kuliko maji yenye mboji peke yake.

Nne, bakteria wachache wakibaki juu ya utando, watapata chakula cha bure katika uchafu huo. Watazaana, watatoa ute wao wenyewe, na kuziba kutaendelea hata kama mtambo umesimama mwisho wa juma.

DALILI ZA KUZIBA

Mfanyakazi wa zamu hana haja ya shahada ili azijue dalili. Zitazameni geji mbili za presha, moja kabla ya utando na moja baada yake, pamoja na mita ya maji yanayotoka. Toa presha ya pili katika presha ya kwanza. Tuseme mwezi uliopita tofauti ilikuwa bar 0.4, na leo, kwa maji yale yale kwa saa, tofauti ni bar 0.8. Hapo kizuizi kimekuwa mara mbili. Ikiwa presha haikubadilika lakini maji yanayotoka yamepungua nusu, maana yake ni ile ile. Jihadharini na jambo moja. Maji ya baridi ni mazito kidogo kuliko ya vuguvugu, basi andikeni na joto la maji, msije mkalinganisha asubuhi ya baridi na mchana wa jua.

Andikeni tarakimu hizo katika daftari la zamu kila siku, pamoja na saa na tarehe. Daftari hilo ni silaha. Siku mtakapoambiwa kwamba chujio limeharibika kwa uzembe wa mfanyakazi, daftari litaonyesha kama presha ilipanda ghafla siku moja, au ilipanda polepole kwa miezi mitatu huku ombi la dawa likikaa mezani ofisini.

KUOSHA

Kuosha kwa kwanza ni kwa maji. Maji safi husukumwa kinyume, kutoka upande wa ndani kwenda nje, ili kuuvunja uchafu. Katika mitambo mingi ya mirija jambo hili hufanyika lenyewe kila baada ya dakika 20 hadi 60, kwa muda mfupi tu. Uchafu uliolala juu huondoka. Ule ulionata ndani ya matundu hauondoki. Kwa hiyo mfanyakazi anaweza kuosha kwa maji usiku kucha, na bado presha ikawa juu. Huo si uvivu wake. Uchafu wa namna hiyo unahitaji dawa.

Na dawa si ya namna moja. Fikirini jikoni kwetu. Sufuria yenye mafuta mama zetu waliisugua kwa majivu, kwa kuwa majivu yana ukali wa magadi unaoyeyusha mafuta. Lakini birika lenye ukoko wa chokaa halitoki kwa majivu. Linataka kitu kichachu kama limau. Utando ni vivyo hivyo. Mboji na ute hutolewa kwa soda kali, na mara nyingi pamoja na klorini ya maji inayoukatakata ute huo. Chokaa na kutu hutolewa kwa asidi, kama asidi ya limau. Mtu anayetia asidi peke yake juu ya ute anapoteza dawa na wakati.

Tena si kila utando unavumilia klorini. Tando nyingi zinazozuia chumvi huharibiwa na klorini, na zikiharibika haziponi. Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji lazima iwepo penye mtambo, katika lugha anayoisoma mfanyakazi, si kufungiwa ndani ya kabati la meneja.

HATARI KWA ANAYEOSHA

Ndugu zangu, hapa naomba msome mara mbili.

Klorini ya maji ikikutana na asidi hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Nimewahi kufika katika kiwanda kimoja ambako ndoo iliyokuwa na klorini ilitiwa asidi bila kusuuzwa, na watu watatu wakatolewa nje wakikohoa. Hawakufundishwa, na ndoo zote zilikuwa za rangi moja bila maandishi. Basi:

1. Klorini na asidi zisiwekwe chumba kimoja, wala zisitumie ndoo, pampu au mpira mmoja. Kati ya dawa moja na nyingine, mtambo usuuzwe kwa maji mengi.

2. Hewa ya klorini ni nzito mara mbili na nusu kuliko hewa ya kawaida. Hukaa chini, katika mashimo na vyumba vya pampu. Mkiisikia harufu yake, tokeni, mwende mahali pa juu penye upepo. Aliyeivuta apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu, maana mapafu yaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

3. Soda kali hutiwa ndani ya maji polepole. Maji hayamwagwi juu ya soda, kwa sababu itachemka na kuruka usoni.

4. Soda kali huunguza jicho kuliko watu wanavyodhani. Ikiingia jichoni, oshwe kwa maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Kwa hiyo bomba la maji ya kuoshea macho lazima liwe karibu na mtambo, si ng'ambo ya uwanja.

5. Glavu za mpira, miwani ya kinga, buti na aproni hutolewa na mwajiri. Mfanyakazi asikatwe mshahara kwa ajili yake.

HATARI KWA WANAOKUNYWA

Mtambo ukiziba na kambi ikalia maji, liko jaribu moja ambalo viongozi wa matawi walijue. Pembeni ya mtambo huwa kuna bomba la kupitisha maji kando, bila kuchujwa. Kufungua koki yake ni kazi ya nusu dakika. Maji yatafika kambini kwa wingi, watu watashangilia, na baada ya siku chache zahanati itajaa watoto wanaoharisha. Koki hiyo iwe na kufuli, na ikifunguliwa kwa lazima, kambi yote iambiwe siku hiyo hiyo ichemshe maji.

Jaribu la pili ni kuongeza presha na kulazimisha. Mirija inaweza kukatika. Mrija mmoja ukikatika, maji yataendelea kuonekana maangavu, lakini bakteria wamepata mlango. Ndiyo maana mafundi hupima uzima wa utando kwa kusukuma hewa ndani yake. Hewa ikivuja haraka kuliko kawaida, kuna mahali pamepasuka. Kipimo hicho kiandikwe nacho katika daftari.

Jambo la tatu ni mboji iliyoyeyuka. Utando wa maji ya kunywa wa kawaida hauizuii yote. Ikipita, hula klorini inayotiwa mwishoni, na klorini haitafika mwisho wa bomba. Tena mboji na klorini zikikutana hutengeneza vitu visivyofaa katika maji. Mholanzi Johannes Rook alilieleza jambo hili mwaka 1974 kutokana na kazi yake katika maji ya Rotterdam, na tangu hapo nchi nyingi zimeweka kiwango kisichopitwa. Dawa yake si kuacha klorini, maana bila klorini tutakufa kwa kuhara. Dawa ni kuitoa mboji kwanza.

KINGA: MFANO WA WINDHOEK

Mji wa Windhoek, Namibia, uko katika nchi kame. Mwaka 1968 ulikuwa mji wa kwanza duniani kuyasafisha maji machafu ya majumbani mpaka yakawa maji ya kunywa na kuyarudisha moja kwa moja katika mabomba ya mji. Mwaka 2002 ukafungua mtambo mpya wa Goreangab, wenye uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku, yaani lita milioni 21. Ndani yake kuna chujio la utando. Lakini tazameni wamelitia wapi. Wamelitia karibu na mwisho!

Kwanza hutiwa dawa ya chuma inayoushikanisha uchafu, kama sisi tunavyotumia shabu. Kisha mapovu madogo ya hewa huuinua uchafu juu, ukakwanguliwa. Halafu huja mchanga. Halafu hewa iitwayo ozoni huzikatakata chembe kubwa za mboji. Kisha yako makaa yaliyotayarishwa maalumu, ambamo bakteria wasio na madhara huzila zile chembe zilizokatwa, na makaa mengine hunyonya zilizobaki. Hapo ndipo maji hufika kwenye utando, yakiwa yamekwisha kupunguziwa mzigo. Mwisho hutiwa klorini. Tena maji machafu ya viwanda vya mji hupelekwa njia nyingine, yasichanganyike na hayo.

Fundisho lake ni kwamba utando haupewi kazi ya hatua zote. Mwajiri anayenunua utando wa bei kubwa, kisha akaunganisha moja kwa moja na maji ya kinamasi ili aepuke gharama ya shabu na mchanga, atanunua utando mwingine mapema. Na kabla ya kununua, atatafuta mfanyakazi wa kulaumu.

MASWALI YA KUULIZA

Wajumbe wa matawi, katika kikao kijacho cha usalama na menejimenti, ulizeni haya:

Maji yanatoka wapi, na kabla ya utando yanapitia hatua gani? Shabu iko ya kutosha mpaka masika yaishe, wakati mito inapobeba majani na mboji kwa wingi?

Nani amefundishwa kuosha kwa dawa, lini, na kwa lugha gani? Zamu ya usiku imefundishwa pia?

Nguo za kinga ziko ngapi, na bomba la kuoshea macho liko wapi?

Ufunguo wa koki ya kando anao nani?

Kipimo cha mwisho cha uzima wa utando kilifanyika tarehe ngapi? Tunaomba kuliona daftari.

Maji ya kuoshea, yenye soda na asidi, yanamwagwa wapi? Yakimwagwa kijitoni bila kutulizwa ukali wake, walioko chini ya kijito ndio watakaoyanywa, nao ni ndugu zetu.

Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao, yakiwa na tarehe na jina la aliyepewa kazi. Kikao kinachofuata kianze kwa kuusoma muhtasari huo.

Umoja ni nguvu.